UACE au SAT: karatasi ipi imsemee mwanao mlangoni mwa chuo kikuu?

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yametoka siku chache tu, mama mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Tororo, Uganda, akiwa na binti yake na bahasha ya kaki iliyochanika pembeni. Alinisalimu, akakaa, akamwaga kila kitu mezani: slipu ya UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, slipu ya UACE, ule wa kidato cha sita, yenye pointi 17, na ripoti mbili za muhula. Mbili tu. Nyingine zilipotea walipohama nyumba, na shule aliyosomea kidato cha tatu ilikuwa imeshafungwa. "Mwalimu," akasema, "nasikia Marekani kuna vyuo vinasomesha watoto wenye akili bila karo. Huyu tumpeleke huko, au tujaze fomu za hapa?"

Binti alikuwa na akili, hilo halikuwa na ubishi. Lakini swali lilikuwa limechelewa miaka miwili, na ilinibidi niwaambie hivyo wakinitazama. Tangu siku hiyo, kila mzazi wa mtoto wa S.5, yaani kidato cha tano, anayekuja kwangu namwekea njia hizi mbili, ya UACE ya hapa na ya Marekani yenye mtihani wa SAT, ubavu kwa ubavu kabla muhula wa kwanza haujaisha. Nawaandikia na wengine nisioweza kuwaona ana kwa ana.

Mlango wa hapa unasoma karatasi moja

Kwa kozi nyingi za vyuo vikuu vya serikali nchini Uganda, anayesema ni UNEB, baraza la mitihani la taifa, na anasema kupitia UACE. Katika masomo makuu matatu A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. General Paper, somo dogo la lazima la insha na ufahamu, na somo dogo la pili, hesabu au ICT, huleta pointi moja moja. Ndiyo maana kilele ni 20, namba ambayo magazeti huipamba kila mwaka kwa picha za watoto waliobebwa mabegani.

Lakini pointi 20 hizo sizo zinazomwingiza mtoto kwenye kozi. Chuo huzigeuza kuwa uzito. Somo ambalo ni la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, General Paper na somo dogo huhesabiwa mara moja, na somo kuu lisilohusika hupunguzwa hadi nusu.

Chukua udaktari wa Makerere, ambako bayolojia na kemia ndiyo masomo ya lazima. Mtoto wa kombi ya BCM, yaani mseto wa bayolojia, kemia na hesabu, aliyepata A ya bayolojia, A ya kemia na B ya hesabu ana 18, tena 18, kisha 10. Hiyo ni 46. Akifaulu General Paper na somo dogo anafika 48. Kisha inaingia UCE: kwa waliosoma mtaala wa zamani, kila somo la distinction huleta 0.3, la credit 0.2, la pass 0.1. Mwenye distinction 8 na credit 2 anaongeza 2.8, na sasa ana 50.8. Akiwa msichana anapewa 1.5 zaidi, nyongeza ambayo Makerere iliianza mwaka 1990, na anafikia 52.3.

Sasa iteremshe ile A ya kemia iwe B. Zimeondoka alama 3 za uzito. Na alama 3 ndizo hasa anazopata mtoto aliyezoa distinction katika masomo yote kumi ya UCE. Ngazi moja tu katika somo moja la S.6 inameza kazi yote ya miaka minne ya chini. Hesabu hii naiandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka darasa hunyamaza.

Ripoti za muhula, je? Hakuna anayeziomba. Hakuna anayeuliza ulikuwa wa ngapi S.5, kama uliongoza klabu ya mdahalo, au kama ulikuwa unauza chapati asubuhi ili ulipe karo. Wapo wanaoona huu ni ukatili, na nawaelewa. Mimi naona ndani yake heshima pia. Msahihishaji wa UNEB ana namba ya mtahiniwa mbele yake. Hajui shule yako ina maktaba au haina, wala baba yako ni nani.

Jambo moja lisisahaulike. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulioanza 2020 ulitoa watahiniwa wake wa kwanza wa UCE mwaka 2024, na humo kazi ya darasani inachukua asilimia 20 ya alama, mtihani asilimia 80. Gredi ni A hadi E, hakuna tena distinction wala credit. Kwa hiyo hata kwetu alama za mwalimu zimeanza kuingia kwenye cheti. Mtoto wa kundi hilo asitumie hesabu yangu ya 0.3 kama msahafu. Aiulize ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka jinsi gredi zake zinavyogeuzwa.

Mlango wa kule unasoma bahasha nzima

Marekani, vyuo vinavyochagua sana, vile kama Harvard na MIT vinavyochukua chini ya waombaji 5 katika kila 100, hutaka ripoti za miaka minne ya sekondari, kwetu S.3 hadi S.6. Hutaka barua za walimu wawili, barua ya shule, insha za mwombaji mwenyewe, na maelezo ya alichokuwa akifanya nje ya darasa. Mtihani wa pamoja, SAT au ACT, husimama kando ya hayo yote. Haubebi mzigo peke yake kama UACE.

SAT ni mzee, ulianza 1926. ACT ulifuata 1959. Sisi nje ya Marekani tumekuwa tukifanya SAT kwenye kompyuta tangu Machi 2023. Ni saa 2 na dakika 14, maswali 98, alama kutoka 400 hadi 1600, nusu kusoma na kuandika kwa Kiingereza, nusu hesabu. Karibu maswali yote ni ya kuchagua jibu, na jibu la kukosea halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi kamwe.

Mtoto wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) ataiona hesabu yake laini: aljebra, asilimia, takwimu, jiometri, trigonometria kidogo, kalkulasi haimo. Kinachomwangusha ni mwendo, kwa sababu amezoea kuonyesha njia ukurasa mzima. Mtoto wa HEL (historia, uchumi, fasihi) ndiye mwenye kazi, maana aljebra aliiaga S.4. Kwenye kusoma, vifungu ni vifupi mno, kila kimoja na swali moja. Anayeweza kuandika insha ya kurasa nne ya General Paper anaweza kujikwaa anapoambiwa achague neno moja kati ya manne yanayofanana. Ni ujuzi mwingine, na unajengeka kwa mazoezi ya skrini. Programu yenyewe ya mtihani, Bluebook, ina majaribio kamili ya bure, na Khan Academy ina masomo ya bure. Hakuna sababu ya kumlipa mtu wa kozi ya mwezi mmoja anayeahidi alama 1500.

Tofauti kubwa nyingine: SAT hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, na vyuo vingi huchukua alama yako bora ya kila sehemu hata kama ulizipata siku tofauti. UACE ni Novemba na Desemba, basi. Ukiugua malaria asubuhi ya kemia, unarudia mwaka. Ila kurudia SAT ni pesa. Kwa mtu wa huku kila jaribio ni zaidi ya dola 100, na ule msamaha wa ada unaosifiwa mtandaoni ni wa wanafunzi wa Marekani. Vituo ni vichache na hujaa mapema. Andaa pasipoti kabla hujaandaa kitu kingine chochote, ndiyo kitambulisho kisicho na maswali.

Pale alama zetu zinapotuumiza

Hapa ndipo watoto wetu wengi wazuri wanapopotea, na sijaona wazazi wakiambiwa.

Shule zetu zina desturi ya kubana alama. Mitihani ya ndani hutungwa migumu makusudi. Mok, mitihani ya majaribio kabla ya UNEB, huja, ziwe za shule au za pamoja kama WAKISSHA ya shule za Wakiso na Kampala, na husahihishwa kwa mkono mzito ili mtoto aogope na kurudi kwenye vitabu. Nimewaona wa C, C, D kwenye mok wakipata A, B, B za UNEB. Hapa nyumbani desturi hiyo haimuumizi mtu kwa sababu ripoti hazisomwi. Lakini afisa udahili wa Marekani anatoka nchi ambako A zimejaa hadi wastani wa 4.0, yaani A tupu, si ajabu tena. Akiona C mbili na D, anasoma mtoto dhaifu. Hajui kwamba katika darasa hilo C ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Dawa ipo, na iko mikononi mwa shule. Vyuo hivyo hupokea wasifu wa shule: ukurasa mmoja au miwili inayoeleza shule ina watahiniwa wangapi, kipimo cha alama kikoje, C ya mwalimu huyu ina maana gani, na watoto wa mwaka uliopita waliopata C kwenye mok walitoka na nini UNEB. Mwalimu mkuu anaweza kuuandika kwa siku moja. Shule nyingi hazijawahi kuuandika kwa sababu hakuna aliyewaomba. Mzazi, uombe.

Barua ya mwalimu nayo. Barua yangu ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa na mistari mitatu: ni mtoto mwenye nidhamu, mwenye bidii, anayeheshimu wakubwa. Ndivyo tunavyoandika barua za kuthibitisha tabia. Mtoto yule hakupata nafasi, na ingawa sijui kama ni barua ile, sijaisahau. Barua inayosaidia inasimulia kitu alichokifanya: siku ambayo maabara haikuwa na asidi na yeye akapendekeza ndimu, jinsi alivyowafundisha wenzake logarithmu usiku wa taa ya mafuta. Mwalimu asiyemjua mtoto hawezi kuiandika, kwa hiyo chagua mwalimu anayekujua, hata kama mwingine ana cheo.

Na wapo wanaoshauri ripoti "zipandishwe" kidogo kabla ya kutumwa. Kataeni. Slipu ya UCE imo ndani ya bahasha hiyohiyo, ya UACE itafuata, na chuo kikigundua, nafasi inaondolewa hata kama mtoto ameshafunga sanduku. Shule nzima hupoteza jina.

Ona pia jinsi UCE inavyobadilika thamani ukihama mlango. Makerere, kwa hesabu ya zamani, haizidi alama 3 za uzito. Kule, ndiyo cheti pekee cha taifa cha sekondari ambacho mtoto wa S.6 anacho mkononi anapotuma maombi. Wanakisoma kwa makini. Mtoto wa S.4 anayesema "UCE ni ya kupita tu" anajifungia njia ambayo bado hajaijua.

SAT ni hiari: utume au usitume?

Mwaka 2020, korona ilipofunga vituo, vyuo vingi vya Marekani viliacha kudai alama za mtihani. Kisha vikaanza kurudi. MIT ilirudi 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech vilitangaza kurudisha mitihani. Columbia ilibaki kwenye hiari. Mfumo wa University of California hautazami SAT wala ACT hata ukiituma. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya chuo chenyewe mwaka unaoomba, usitegemee alichosikia binamu yako.

Sababu ya Dartmouth inatuhusu moja kwa moja. Waligundua kwamba watoto wa familia zisizo na uwezo walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia. Walilinganisha alama zao na wastani uliochapishwa wa chuo, wakaona wako chini, wakaamua kunyamaza. Hawakujua kwamba 1400 kutoka shule isiyo na vifaa husomwa tofauti na 1400 kutoka shule yenye mabwawa ya kuogelea. MIT nao walisema mtihani unawasaidia kuwaona watoto wenye uwezo ambao shule zao hazikuwa na masomo ya juu ya kuonyesha uwezo huo.

Kuna upande wa pili na una nguvu. Utafiti wa Saul Geiser na Maria Veronica Santelices katika University of California, uliotoka 2007, ulionyesha kwamba alama za shule hutabiri maendeleo ya mwanafunzi chuoni kuliko SAT. Naamini hivyo kwa mahali ambapo afisa anazijua shule zinazomletea watoto. Anaijua ile ya California, ameitembelea mara kumi. Ya Nagongera, huku kwetu Tororo, haijui. Alama A ya shule asiyoijua na alama C ya shule asiyoijua kwake ni kimya cha aina mbili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtoto wa shule isiyojulikana nje ya wilaya, kama alama yake ya SAT ni nzuri kwa mazingira yake, aitume hata pale ambapo ni hiari. Ndicho kipimo pekee ndani ya bahasha ambacho msomaji wa kule anakijua kwa moyo. Mtoto wa shule ya kimataifa ya Kampala, ambayo tayari hupeleka wanafunzi kila mwaka, anaweza kuamua vingine.

Wala msidhani kwamba kumsoma mwombaji kwa ujumla wake badala ya mtihani kunampendelea maskini. Uchunguzi wa wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman mwaka 2023 ulionyesha kwamba, kwa alama zilezile za SAT au ACT, watoto wa asilimia 1 ya matajiri wa Marekani wana uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusoma kwenye vyuo vya juu kabisa kuliko wa tabaka la kati. Ziada hiyo ilitokana na mambo kama kuwa mtoto wa aliyesoma hapo, michezo, na sifa zisizo za kitaaluma. Vyote hivyo vimo ndani ya ile bahasha.

Kama kituo cha SAT hakifikiki kabisa, uliza kabla ya kukata tamaa. Yale hukubali mitihani ya AP, ya masomo ya ngazi ya chuo, au ya IB, diploma ya kimataifa ya sekondari, badala yake. Dartmouth, kwa walio nje ya Marekani, imeruhusu matokeo ya mtihani wa taifa, hata yale yanayokadiriwa na shule. Kukadiria UACE si desturi ya walimu wetu, lakini hakuna sheria inayowazuia kuandika kwa uaminifu kile wanachokitarajia.

Kalenda hazikutani

Maombi ya mapema ya Marekani hufungwa karibu na tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. UACE inaandikwa Novemba na Desemba. Matokeo hutoka Februari au Machi, na majibu ya Marekani hutoka mwishoni mwa Machi. Mtoto anayeomba akiwa bado S.6 anaandika insha za Marekani wiki zilezile anazopaswa kurudia kemia. Nimewaona wawili wakianguka katikati: insha zikawa za haraka, A ikawa C.

Njia nyingine ni kumaliza S.6 kwanza, kushika slipu Machi, kufanya SAT kati ya Mei na Oktoba, kutuma maombi mwisho wa mwaka, na kuondoka Agosti inayofuata. Ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu nyumbani. Kwa familia inayotegemea mtoto aanze kujitegemea, hiyo ni gharama hata kama hakuna anayeiandika. Na kuna mtego: akiingia Makerere mwaka huo ili asikae bure, baadhi ya vyuo vya Marekani humhesabu kuwa mwanafunzi anayehama, na ufadhili wa wanaohama ni mdogo. Uliza kwa barua pepe kabla ya kujiandikisha popote.

Kwa wengi mimi nashauri njia hii ya pili. UACE iliyo salama inafaa pande zote mbili za bahari. SAT bila UACE nzuri haimsaidii mtu hapa nyumbani ikiwa Marekani imekataa, na kwa wengi Marekani itakataa.

Pesa

Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vya binafsi vya juu vya Marekani imepita dola 80,000. Bila ufadhili, mjadala umekwisha. Vipo vichache vinavyomdahili mgeni bila kutazama uwezo wake kisha kulipia pengo lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na baadaye Dartmouth, Bowdoin na Brown vikajiunga. Vingine vingi hutoa pesa, lakini kuomba pesa hupunguza nafasi yako ya kuchukuliwa. Kwa hiyo vile "rahisi" kuingia si rahisi kwa mtoto asiye na senti. Ubalozi wa Marekani una ushauri wa EducationUSA hapa Kampala. Anzia hapo, kabla ya wakala anayetaka malipo.

Nyumbani, serikali hulipia takriban wanafunzi 4,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa, kama robo tatu, hupewa kwa uzito wa alama nchi nzima. Wengine huingia kwa mgao wa wilaya, michezo, au ulemavu. Wanaobaki hujilipia, mpango ambao Makerere iliuanza 1992, au huomba mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanza 2014.

Ule mgao wa wilaya unastahili kuangaliwa kuliko unavyoangaliwa. Mtoto hashindani na Kampala na Wakiso, anashindana na watoto wa wilaya yake. Ni wazo lilelile la Dartmouth la kusoma alama kwa mazingira, ila hapa limeandikwa kwenye kanuni. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2023, rangi ya mwombaji haiwezi tena kuhesabiwa kwenye udahili, wakati hapa 1.5 ya wasichana na nafasi za wilaya zimekuwa wazi kwa kila mtu kuzijumlisha. Binti wa bahasha ya kaki aliingia hivyo, kwa nafasi ya wilaya, uhandisi Busitema, mwendo mfupi kutoka kwao.

Nani achague ipi

Anayetaka udaktari au sheria abaki hapa bila kusitasita. Kwetu mtoto anaingia udaktari moja kwa moja baada ya S.6, miaka mitano na mwaka wa mafunzo ya kazi. Marekani hiyo ni shahada ya pili: miaka minne ya kwanza, kisha MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, kisha shule ya udaktari, na ni shule chache sana zinazopokea wageni, na ufadhili ni haba. Sheria nayo kule husomwa baada ya shahada nyingine. Wa udaktari nguvu zake zote aziweke kwenye masomo yale mawili ya lazima, maana ndiyo yanayozidishwa kwa 3.

Mtoto asiyejua bado anataka nini, mwenye hesabu kali na anayesoma vitabu nje ya silabasi, mwenye ripoti zote na UCE safi, mwenye mwalimu mmoja anayemjua vizuri, huyo ajaribu Marekani. Kule ataruhusiwa kuchelewa kuchagua fani hadi mwaka wa pili. Hapa kombi aliyoichagua akiwa na miaka 16 imeshamchagulia. Lakini afanye hivyo huku fomu za vyuo vya serikali zimejazwa, na kwa vyuo vile vinavyolipa pengo lote tu.

Mwenye UACE ya juu na ripoti mbaya, abaki. Karatasi yake bora ndiyo inayosomwa hapa, na isiyofaa haiombwi.

Mwenye ripoti nzuri miaka yote ambaye UACE ilimteleza siku moja ndiye mgumu kuliko wote. Mlango wa hapa hautamsikiliza hata walimu wake kumi wakiapa. Kule anaweza kusikilizwa, lakini UACE hiyo bado itaombwa, na atahitaji SAT inayoonyesha kwamba ripoti zilisema kweli pamoja na barua ya shule inayoeleza kilichotokea siku ile bila kukuza. Kama pesa ya SAT haipo, na mara nyingi haipo, kurudia S.6 ni bei nafuu kuliko inavyosikika. Nawashauri warudie masomo yale yanayozidishwa, katika shule ya kutwa karibu na nyumbani, wakisoma hesabu ya uzito ya kozi wanayoitaka kabla ya kuchagua kombi upya.

Na wazazi wa watoto wa S.3: chukueni ripoti kila muhula, zigongwe muhuri, piga nakala mbili, moja ikae kwa ndugu mnayemwamini. Kama mna deni la karo, zungumzeni na shule mapema, kwa sababu shule nyingi hushikilia slipu hadi deni liishe, na tarehe ya kufunga maombi haisubiri.